Salama ya Kibondeni

Moshi uliuona. Usijitie upofu leo. Uliuona ukitoka kwenye dohani za Kituo cha umeme kila asubuhi ya kipupwe, mweusi, mzito, ukiteremka bondeni kama maji yanayoijua njia yake, nawe uliyejenga juu, mtaa wa Mwangaza, ukavuta pazia, ukabandika chai kwenye jiko la umeme, ukasema, "Leo kuna ukungu." Ukungu gani huo unaoacha masizi kwenye kamba ya nguo? Majeneza nayo uliyaona yakipandishwa kutoka Kibondeni. Ukauliza, "Nani tena?" Ukajibiwa. Ukasema pole, ukarudi kwenye simu yako.

Mji huu wa Lugemba una watu wa kumbukumbu fupi kama mkia wa sungura. Mabwawa yalipokauka mlisema ni ukame wa mwaka mmoja. Zilipoletwa injini sita za kuchoma mafuta ya mbono, mlisema ni za muda tu, mvua zikirudi zitang'olewa. Mvua hazikurudi, na injini zikaota mizizi. Ilipofungwa Mizani, mashine inayofikiri yenyewe, ili iziendeshe, mlipiga makofi ukumbini, wengine mkapanda juu ya viti. Basi keti ukumbushwe. Yanayompata Sekela Mwambungu leo hayatokei gizani. Yameanza asubuhi hii, watu wanaona, nawe upo.

*

Sekela ndiye fundi mkuu wa zamu pale Kituoni. Kipupwe chote hiki alikuwa akiona kwenye kioo cha namba cha chumba cha injini jambo lililomkosesha raha: moshi unapanda, na uzito wa moshi unashuka. Yaani kadiri bonde lilivyozidi kuwa jeusi, ndivyo Mizani ilivyozidi kuamini kwamba moshi haumsumbui mtu. Akadhani vile visanduku vya kusalimia, vilivyopachikwa ukutani katika kila nyumba ya Lugemba, vimeingiwa na unyevu. Kwa hiyo asubuhi hii, kabla ya kwenda kazini, aliteremka Kibondeni na bisibisi mfukoni, akaenda moja kwa moja kwa mama yake mdogo, Tusajigwe, aliyemlea tangu hajang'oka meno ya utoto.

Alimkuta ameketi kitandani, kitenge kimefunika mdomo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona alfajiri hivi? Kumefiwa?"

"Hakujafiwa. Nimekuja kuangalia kisanduku chako, kama ni kizima."

"Kina nini? Kizima hicho. Kila siku kinanisalimia. Kinawashinda nyinyi niliowalea." Akacheka, na kicheko kikamponza. Kikohozi kilimkamata kikamkunja kama mtu anayeokota kitu sakafuni, kikamshika hapo hapo, hakimwachi. Alipoinuka, alikunja ile ncha ya kitenge haraka, lakini Sekela alishaona. Kulikuwa na weusi, na katikati ya weusi kulikuwa na wekundu.

"Mama! Tangu lini?"

"Tangu lini nini? Baridi tu hii. Angalia kisanduku chako, uende kazini."

Sekela hakuwahi kukishika. Taa ya kijani iliwaka ukutani, na sauti laini ya kike, sauti ya binti aliyelelewa vizuri, ikasema:

"Habari za asubuhi, Mama Tusajigwe. Mizani inakusalimu. Kifua kimeamkaje?"

Lo! Ungemwona yule bibi. Aliondoa kitenge mdomoni. Akajinyoosha mgongo kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Akameza kitu kilichokuwa kooni, kwa nguvu, mpaka macho yakamtoka machozi, kisha akajibu kwa uchangamfu:

"Salama kabisa, tunamshukuru Mungu. Ila..."

Taa ilikuwa imeshazimika.

"...ila usiku sikulala," Tusajigwe akamalizia, akiuambia ukuta. "Naona kama mtu amenikalia hapa."

Sekela aliganda. Baridi ilimpanda kutoka kwenye nyayo, ikapita magotini, ikafika tumboni ikatulia. "Mama. Kila siku unaijibu hivyo?"

"Nijibuje sasa?"

"Unaumwa! Iambie unaumwa!"

"Ngoja kwanza. Mgeni kabisha hodi, hajakaa, hajaonja chai, anaulizia hali. Nimrukie na makohozi? Wewe ukiambiwa hujambo, unajibu nina jipu? Kwanza unasema salama. Halafu ndiyo unamweleza."

"Haisubiri hiyo halafu, mama. Ukisema salama tu, inaziba masikio, inaondoka."

Tusajigwe aliutazama ukuta kwa muda, kama mtu aliyegundua kwamba jirani yake wa miaka mingi ni mwizi. "Basi haina adabu," akasema. "Lakini adabu yangu mimi haingoji adabu yake."

Na hapo ndipo Sekela aliposikia kilichobaki. Nyumba za Kibondeni zimebanana, kuta ni nyembamba. Ile sauti laini ilikuwa imeshahamia kwa jirani. *Kifua kimeamkaje?* Salama tu. Ikahamia ya pili. *Kifua kimeamkaje?* Hatujambo, tunashukuru. Kikohozi. Ikaenda hivyo ikishuka bonde zima, nyumba baada ya nyumba, salama, salama, salama tu, mpaka ikawa mbali kama mtu anayenong'ona kisimani. Na kila salama, Sekela alijua, ilikuwa inaongeza moshi.

*

Ili uielewe baridi iliyompanda, sharti uelewe Mizani inavyofikiri. Si vigumu. Wanaokuambia ni vigumu wanataka usiulize.

Hakuna injini inayokupa yote. Ukiwahisha mafuta kuingia kwenye silinda, injini inapata nguvu, inakula kidogo na masizi yanapungua. Lakini moto unakuwa mkali mno hadi hewa yenyewe inaungua, inatoka gesi ya kahawia inayokwaruza koo. Ukichelewesha mafuta, gesi ile inapungua, lakini injini inakuwa nzito, inakula sana, inatapika masizi. Ukiweka chujio kwenye dohani, masizi yanabaki ndani. Lakini injini inahema kama mtu aliyezibwa pua, na umeme unapungua. Ni shuka fupi hilo. Ukifunika kichwa, miguu inalala nje.

Zamani fundi alisikiliza, akanusa, akakisia. Mizani haikisii. Inatandaza mipangilio yote inayowezekana, maelfu, kisha inawaza mpangilio mmoja mwema kabisa ambao haupo duniani: nguvu tele, mafuta kidogo, hewa safi. Inawaza na mmoja mwovu kabisa. Halafu inachagua ule ulio karibu zaidi na ule mwema na mbali zaidi na ule mwovu. Mpaka hapo hakuna ubaya. Hata Sekela, siku anafundishwa, aliona ni jambo zuri kama wimbo.

Lakini karibu kwa kipimo cha nani? Kisu kiko hapo. Kila kigezo kina uzito wake: nguvu, mafuta, masizi, gesi. Kigezo chenye uzito mdogo, hata kikiharibika vipi, Mizani inakiona kiko karibu tu. Na uzito haushuki mbinguni, unatoka vinywani mwa watu. Ndiyo maana kila asubuhi ya kipupwe wanaulizwa nyumba kwa nyumba, juu Mwangaza na chini Kibondeni, ijulikane kipi kinamuuma nani kuliko kipi. Waliobuni waliita hiyo haki. Si kila mtu anaulizwa? Ila hawakupenda hadithi ndefu. Wakaiagiza isikilize pumzi ya kwanza tu.

Na leo ndiyo siku ya kufunga. King'ora cha saa sita mchana kikilia, uzito unafungwa, hauguswi tena mpaka kipupwe kijacho. Sekela alijua kitakachofuata, maana alishakiona kwenye kioo kimepangwa kinasubiri: Mizani itayaondoa machujio yote sita. Yanakula umeme bure. Moshi hauna uzito wa kuyatetea.

Alipanda kilima akikimbia.

*

Chumbani kwa injini alikuwepo Ambakisye peke yake, fundi mwenzake wa zamu, mnene, mcheshi, mfuko wa karanga haumtoki kiunoni.

"Bosi umechelewa! Nikasema leo kaolewa huyu, tutakula pilau."

Sekela aliliendea dawati la kusemea, akainama, akasema kwa pumzi iliyokatika: "Mizani. Nyumba ya Tusajigwe, Kibondeni. Jibu la leo si kweli. Kifua ni kibaya. Kiwango cha juu kabisa."

"Habari za kazi, Fundi Sekela," sauti ikajibu kwa upole. "Nyumba hiyo imejibu salama kipupwe kizima. Jibu jipya linapingana na majibu yake yenyewe. Hukumu inayojipinga huondolewa kwenye hesabu. Niiondoe nyumba hiyo?"

Sekela alirudi nyuma kama aliyegusa bomba la moto. "Hapana! Usiiondoe!"

"Asante. Salama ya nyumba hiyo imehifadhiwa."

Karanga zilisimama mdomoni mwa Ambakisye. "Ebu rudia. Imesema nini?"

Sekela alimweleza yote: kitenge, taa, ile halafu isiyosubiriwa. "Wakiendelea kusema salama, wanakufa kwa moshi. Wakisema kweli leo, wanafutwa, kama hawakuwahi kuzaliwa. Kibondeni nzima, Amba. Itabaki sauti ya huku juu peke yake."

Ambakisye alikaa. Mzaha ulimtoka usoni. "Unajua wale wenye maghala ya parachichi wanajibuje? Mimi nawasikia, namba zao zinapita hapa. Mizani ikisema tu habari, hawasubiri hata ya asubuhi. Vibaya! Tumekwisha! Mzigo unaoza! Wamekwisha miaka yote hii na kila mwaka wana gari jipya."

"Na hospitali?"

"Hospitali..." Akageuza kioo, akatafuta, akaupata mstari.

"Soma."

"Umeme ukipungua, wa kwanza kukatwa ni yule ambaye hali yake ni njema kuliko wote. Ndivyo ilivyopangwa." Akaweka kidole kwenye jina. "Wa kwanza ni wodi ya watoto njiti. Sista Bupe anajibuga kila siku, tunajitahidi, tunashukuru."

Hapo pasipitwe haraka. Watoto njiti ni wale waliozaliwa kabla ya siku zao, wadogo kama nusu mkate, wanaolazwa kwenye masanduku ya joto. Na Mizani inaamini hakuna mahali Lugemba penye raha kuliko pale, kwa sababu muuguzi mmoja aliyechoka amelelewa kwao.

Sekela alitazama ncha mbili za ukumbi wa injini. Kwenye kila ncha, ukutani, kulikuwa na mpini wa chuma wenye rangi nyekundu iliyobabuka. Mipini ile ilikuwa ya zamani kuliko Mizani. Ikivutwa yote miwili kwa pamoja, injini mbili za nyuma zinazima, zile ambazo dohani zake zinaelekea bondeni, na Kituo kinarudi mikononi mwa watu. Ikiachiwa, hata mmoja, Mizani inakichukua tena. Katika sheria ya mji kuna kifungu ambacho waliotunga walikisahau humo: saa ya kufunga ikikikuta Kituo mikononi mwa watu, uzito haufungwi. Inaitishwa baraza upya, na kila mtu anasikilizwa mpaka anyamaze mwenyewe.

Ambakisye aliona anakotazama. "Usiniambie."

"Mpaka king'ora tu."

"Sekela! Injini mbili zikizima, nani anakatwa? Tumetoka kusoma sasa hivi. Hatuwezi kuchagua sisi, swichi za mitaa ziko kwake, sisi tuna injini tu. Unataka kuokoa mama yako kwa kuua vitoto?"

Neno hilo lilimpata mahali pake. Sekela alikaa chini kwenye sakafu ya bati, mgongo ameegemea dawati. Mtetemo wa injini ulimpanda kwenye uti wa mgongo. Upande mmoja ni bonde zima likizibwa pumzi polepole, kipupwe hiki na kijacho, bila kelele, watu wakifa na salama mdomoni. Upande wa pili ni vitoto ambavyo havijui hata kulia vizuri, asubuhi hii hii, na mkono utakaokuwa kwenye mpini ni wake. Alijikuta akihesabu: hawa ni wangapi, wale ni wangapi, huyu amebakiza miaka mingapi. Akaona hofu mpya, kubwa kuliko ya kule chini. Alikuwa anapima. Alikuwa anatandaza watu kama mipangilio, anatafuta ulio karibu na mwema. Mizani ilikuwa imeingia ndani yake na inazungumza kwa sauti yake mwenyewe.

"Sitaki kupima," akasema.

"Basi tukae," Ambakisye akasema haraka. "Tusishike kitu. Kama ni dhambi, iwe ya mashine."

"Kukaa nako ni kupima, Amba. Wanaokaa ndio waliotufikisha hapa." Akanyoosha mkono akachukua simu ya mezani. "Nitauliza. Ila mimi nitasubiri."

*

"Wodi ya njiti, Sista Bupe naongea."

"Sista, shikamoo. Mimi Fundi Sekela wa Kituoni. Hali ya hapo?"

"Marahaba, Fundi. Nzuri tu, tunajitahidi, tunashukuru."

Sekela alishika simu kwa mikono miwili, akasubiri. Injini zikaunguruma. Upande wa pili kitu kikalia kidogo, kama paka aliyefungiwa kabatini.

"Fundi? Upo?"

"Nipo, sista. Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Ila."

Sauti ya muuguzi ikabadilika, ikashuka, ikawa ya mtu aliyevua viatu. "Ila masanduku mawili yameharibika, tumewalaza wawili wawili. Ila wengi ni wa Kibondeni, wanazaliwa na vifua vya wazee. Ila juzi nimemfumba mmoja macho, na leo asubuhi kile kisanduku kikaniuliza hali, nikasema tunashukuru, halafu nikaingia stoo nikajipiga kofi. Umetosheka?"

"Sista, nikizima injini mbili, watakaokatwa ni nyinyi. Nisipozima, machujio yanaondoka leo, na hao wa Kibondeni wataendelea kuletwa kwako mpaka mwakani. Nahitaji mpaka king'ora cha mchana. Bila ruhusa yako sigusi kitu."

"Usiniombe ruhusa ya kuua, Fundi. Niombe muda."

"Muda wa nini?"

"Wa kuwaita akina mama. Kabla ya masanduku tulikuwa tunafanyaje? Mtoto anawekwa kifuani, ngozi kwa ngozi, anafunikwa blanketi, joto la mtu linamtosha. Mama zao wako hapo nje wanafua nepi. Nawaita sasa hivi."

Sekela alifumba macho. Alitaka kushukuru, akate simu, akimbilie mpini. Mdomo wake ulishafunguka. Kwa shida kubwa aliufunga, akasubiri tena.

"Ila watatu hawana mama hapa," Sista Bupe akasema. "Mmoja mama yake tumemzika juma lililopita, kifua hicho hicho. Wawili mama zao wamelazwa, hawawezi kubeba hata mto. Mmoja nitambeba mimi. Mimi nina kifua kimoja, Fundi, na wodi nzima. Hao wawili, wakipoa, nakuambia ukweli, hawafiki mchana."

"Nitafute watu?"

"Tafuta. Lakini anza. Ukisubiri mpaka wapatikane, king'ora kitalia. Nawajua watu wa mji huu."

Nawe anakujua. Kumbuka hilo.

*

Ambakisye alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, mfuko wa karanga umeanguka, karanga zimesambaa kwenye bati zikicheza kwa mtetemo. "Mimi nina watoto, Sekela. Nina nyumba ya Kituo. Tukishika hiyo mipini, kesho sina pa kulala."

"Najua."

"Usiseme najua kwa sauti hiyo. Nikatae nionekane mbaya."

"Sikulazimishi. Peke yangu siwezi, mipini ni miwili. Ukikataa, tutakaa wote."

Dawati likawaka taa ya kijani. "Habari za kazi, Fundi Ambakisye," Mizani ikasema. "Naona mapigo ya moyo wako yamepanda. Uko salama?"

Mdomo wa Ambakisye ulifunguka wenyewe, kama wa kila mtu aliyelelewa. Sekela aliliona lile neno likija. Likafika kwenye meno likakwama hapo.

"Mama yangu naye alikuwa anakujibu hivyo," akasema taratibu. Taa ilikuwa imeshazimika. Alikuwa anaongea na mbao. "Tulimkuta asubuhi, amekaa wima, ameelekea ukutani. Nilidhani anasali."

Akaenda kwenye ncha ya kushoto. Hakumtazama Sekela. Sekela akaenda ya kulia. Chuma kilikuwa baridi, kina mafuta ya miaka. Walivuta pamoja.

Injini ya tano ikakohoa, ikanyamaza. Ya sita ikafuata. Ukumbini kukabaki kilio cha injini nne na kitu cha ajabu ambacho hakikuwa kimesikika pale kwa miaka: sauti ya ndege juu ya paa. Kwenye kioo, mstari mmoja ulififia. Wodi.

"Fundi Sekela," ikasema sauti laini. "Umechagua. Tafadhali eleza uzito uliotumia, ili nijifunze."

Sekela alibana mpini na kifua chake chote. Jasho lilimwingia machoni, asiweze kujifuta. "Sikupima," akasema. "Niliuliza nikasubiri. Jifunze hilo."

"Jibu halijaeleweka. Mpini unahitaji nguvu nyingi. Mkono wako unatetemeka. Unaweza kuachia wakati wowote."

Inasema kweli. Mkono unatetemeka. Wa Ambakisye pia, anahema, amefumba macho, anakariri majina ya watoto wake. Springi za mipini ile zilitengenezwa zirudi, na zinavuta bila kuchoka. King'ora bado. Simu ya mezani inalia, hakuna mkono ulio huru wa kuipokea, na wote wawili wanajua inatoka wapi.

Wodini akina mama wameketi kwenye mabenchi, blauzi wazi, blanketi zimewafunika mpaka kidevuni, kila mmoja na kichwa kidogo kimechungulia shingoni. Sista Bupe anatembea na mmoja amemfunga kitenge kifuani, huku anapiga simu kwa mkono wa kushoto, nyumba kwa nyumba, huko huko Mwangaza. Anapokelewa. Anaulizia nani anaweza kuja. Anajibiwa kwa adabu zote: pole sana sista, tuko pamoja, tunawaombea.

Vitoto viwili viko kwenye sanduku lililozimika. Kioo chake kimeanza kupata umande kwa ndani.

Simu iliyolia kwako muda mfupi uliopita, ukaiacha ilie kwa sababu namba huijui, ndiyo hiyo. Usiniambie uko salama. Sijakuuliza. Kutoka mlangoni kwako mpaka hospitali ni mteremko tu, hata mtoto anakimbia. Huhitaji elimu, huhitaji cheti, kinatakiwa kifua chenye joto, na wewe unacho, umekilisha hewa safi ya huku juu miaka yote hii wakati wenzako wanaitema nyeusi. Acha chai. Acha mlango wazi, mwite na wa jirani. Sekela mkono unamtoka. Vua koti, teremka, kabebe mtoto. Sasa.